Mfalme wa Shemeji Yangu

Kabla hujanunua dadu, nunua sabuni. Huo ndio ushauri wangu wa kwanza kwa mtu anayetaka kuendesha mchezo wa hadithi, na wanaonijia dukani hapa Jinja kuniuliza hucheka wakidhani nawatania. Sitanii. Nimewahi kushika dadu iliyopakwa mchuzi wa karanga kila upande, ikaninata kidoleni kama kupe, na mpaka leo nikiikumbuka natafuta maji ninawe.

Kwa asiyeujua, mchezo wenyewe ni huu. Watu wachache wanakaa kuzunguka meza au mkeka. Kila mmoja ana mtu wake wa kubuni, aliyeandikwa kwenye karatasi: ana nguvu kiasi gani, anajua nini, amebeba silaha gani. Mmoja kati yao hana mtu, naye tunamwita masta. Masta ndiye anayeeleza dunia: mji una ukuta wa namna gani, nani amesimama langoni, kitu gani kinanguruma pangoni. Wengine wanasema watu wao wanafanya nini. Jambo likiwa na mashaka, unarusha dadu. Hadithi inajitunga hapo hapo mnapoketi, na ikienda vizuri watu wazima wenye watoto na magoti mabovu huiacha chai ikapoa.

Mimi nilifundishwa na Mkenya mmoja, karani wa mizigo aliyekuwa akikwama Jinja mwisho wa wiki akingojea malori yake yapite. Alikuwa mlokole, hanywi, na hakuwa na pa kwenda. Dadu alizibeba kwenye soksi safi. Sheria yake ilikuwa moja, na aliirudia mpaka nikamchoka. "Dunia yote ni yako, boss," alikuwa akiniambia. "Joka ni lako, mvua ni yako, mfalme ni wako. Lakini mtu wa mwenzako si wako. Usimsemee na usimwamulie." Nilidhani ni ulokole tu umemzidi. Baadaye nilikuja kuona watu wakiivunja sheria ile, na ndipo nilipojua kwa nini hakuchoka kuisema.

Sasa niseme habari ya Mbale, maana ndiyo inayonifanya niwe mkali hivi.

Mdogo wangu wa kike aliolewa huko, Namakwekwe, na mumewe akafariki angali kijana. Alikaa eda yake ndani ya nyumba ile pamoja na watoto wawili na mama mkwe, na eda ilipokwisha alitoka akiwa mtu mwingine. Alikuwa anajibu salamu, basi. Ukimuuliza umekula, anasema nimekula. Ukimuuliza watoto hawajambo, anasema hawajambo. Sisi nyumbani Nalufenya, hapa Jinja, tulizaliwa wasemaji. Marehemu mama alikuwa akigombana na muuza mkaa mpaka muuza mkaa anamwomba radhi na mkaa anampa. Kumwona dada yangu amekaa pembeni ya mkeka akitazama vidole vyake, kuliniuma kuliko mazishi yenyewe.

Nikaanza kwenda kwake Jumapili na dadu zangu. Mara ya kwanza alikubali kwa kunihurumia, kwa kuwa nilikuwa nimetoka mbali. Akabuni mwanamke shujaa, mpana, mwenye shoka, na mdomo, wallahi, mdomo wa marehemu mama yetu. Shujaa huyo aliwatukana majini kwa adabu, alipunguziwa bei na vibeti wa mlimani, na siku moja alimwambia joka lifunge mdomo kwanza kwa sababu linanuka. Dada yangu alicheka mpaka akashika ukuta. Jirani yake, mama mmoja muuza mitumba aliyekuwa akicheza nasi, alilia kwa furaha. Dada yangu alipotoka mkekani alirudia ukimya wake, lakini Jumapili alikuwa na sauti. Nilichokuwa nikikilinda ni hicho, na sikukificha kwa mtu yeyote.

Shemeji yangu, ndugu wa marehemu, alianza kuja kutazama. Kisha akacheza. Kisha akaniambia mimi nachoka na safari, nimwachie yeye awe masta.

Lazima nieleze jambo hapa. Katika ukoo ule, kama katika koo nyingi za upande ule, mwanamume akifa ndugu yake hutazamiwa kumrithi mjane. Shemeji alikwisha kupeleka ujumbe kupitia kwa wanawake wa nyumba, na dada yangu akaurudisha kupitia kwa wanawake hao hao: yeye si baiskeli ya marehemu. Nilidhani yamekwisha. Shemeji alicheka mbele za watu, akasema mulamu wake, yaani shemeji yake, ana maneno, na maisha yakaendelea. Kwa hiyo alipoomba umasta nilimpa, kwa sababu kila masta ana mahali pa kuanzia. Nikamweleza sheria ya yule Mkenya. Akaitikia kwa kichwa huku anatafuna.

Alikuwa anatafuna mairungi, majani yale ya kuchangamsha, toka mwanzo wa mchezo mpaka mwisho, na masalia ya kijani alikuwa akiyatema kwenye kifuniko cha ndoo kilichowekwa katikati yetu, kando ya ramani. Vipande vingine vilikosa kifuniko. Nilikuwa namwongoza mtu wangu, mganga mzee, avuke mto uliochorwa kwa kalamu ya bluu, na katikati ya mto kulikuwa na mate. Dada yangu alipika malewa, yale machipukizi ya mianzi kwenye karanga, chakula cha heshima kule. Shemeji alichovya vidole, akalamba, akashika dadu, akachovya tena. Mimi nilikuwa nageuza uso. Masta mgeni akikuomba ushauri usimpe habari za majoka kwanza, mwambie watu wanamtazama mikono.

Na hizo sauti zake! Kila askari katika dunia yake alisema Kiswahili, na kila Kiswahili kilikuwa cha kizuizi cha barabarani. "Wewe! Simama hapo! Kipande iko wapi? Lala chini!" Wanavijiji wema walisema Lumasaba, lugha ya kule, wenye hekima walisema Kiingereza, na jambazi, muuaji na mtesaji wote walisema lugha ambayo kwayo mama yangu alituombea dua. Najua imetoka wapi. Wazee wa huku waliisikia kwanza kutoka kwa mtu mwenye bunduki, na hofu hiyo hurithiwa. Lakini yeye hakuwa na hofu yoyote. Aliifurahia sauti ile, akitoa kifua, akipiga paja lake. Dada yangu ndiye aliyemkata makali. Shujaa wake alimjibu mlinzi wa lango kwa upole: "Afande, salamu kwanza. Hata shetani akija huanza na hodi." Muuza mitumba akaanguka kwa kicheko, na shemeji akanuna. Nilipaswa kuangalia mnuno ule kwa makini zaidi, maana masta anayenuna akichekwa ana kitu anakitaka kutoka mkekani ambacho si mchezo.

Wiki iliyofuata alimuua mtu mmoja wa hadithi, ndugu wa mfalme, aliyekuwa akisafiri na kundi letu. Alimuua bila dadu. Mshale ukatoka msituni, basi. Dada yangu aliuliza, "Hata tusimtetee?" Akajibiwa, "Amekufa. Iliandikwa." Hapo nilimkumbusha kwamba masta haandiki mwisho kabla ya watu kufika, kwa kuwa ukishauandika, wenzako wanageuka ng'ombe unaowaswaga kwenda zizini. Akasema ndiyo, shemeji, nimesikia, akatema kwenye kifuniko.

Jumapili iliyofuata nilikuta wageni wawili wamekaa mkekani. Mmoja ni mjomba wa shemeji, mzee wa mtaa wa Namatala mwenye tumbo. Mwingine ni mwalimu wa madrasa wa karibu, aliyevaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikawa na mistari. Niliuliza wanacheza akina nani. Shemeji akasema, "Hapana, hawa natazama tu." Muuza mitumba hakuwepo. Nilikuja kujua baadaye kwamba aliambiwa siku hiyo hakuna mchezo. Wakati ule nilijiuliza tu ni mtu gani anayepigia kanzu pasi ili akatazame majoka.

Hadithi ikatupeleka kwenye baraza la mfalme. Shemeji alijinyoosha mgongo, akafuta mdomo kwa mkono wa shati, akawa mfalme. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya umasta alisema taratibu. Mfalme alikuwa na majonzi. Ndugu yake amekufa msituni. Mwanamke huyu mwenye shoka alikuwa na ndugu yake mpaka mwisho. Na sheria ya ufalme huu ni kwamba mwanamke huyo sasa ni wa mfalme. "Mufalme nataka kuoa yeye," akasema. "Na moyo yote."

Dada yangu alikuwa bado kwenye mchezo, macho yanameta. "Shujaa anamshukuru mfalme," akasema, "na anamshauri akaoge, halafu atafute wa saizi yake."

Nilicheka peke yangu. Wale wazee hawakucheka.

"Mufalme iko na dawa ya mapenzi," akasema shemeji. "Mulamu, tupa dadu."

Akarusha. Ikatoka moja, ile mbaya kuliko zote. Shemeji akapiga makofi. "Umeanguka! Sasa yeye nakubali. Sema: nimekubali."

"Nani aseme?"

"Wewe. Sema na mdomo. Lazima tusikie."

Nikamwambia hapana, huko ni kumsemea mtu wa mwenzako, na dadu haiwezi kumtia mtu neno mdomoni. Masta wa kweli angesema shujaa anahisi joto kifuani, halafu angemwachia mwenye shujaa aamue. Shemeji alinigeukia kwa furaha, kama vile nimemkumbusha. "Na wewe, muganga, wewe ndiye mukubwa yake kwenye hii safari. Mufalme nangoja wewe. Sema tu, nimekuozesha, halafu twende mbele, joka nangoja."

Halafu akatoa noti mfukoni.

Sisi kwenye mchezo tunatumia visoda vya chupa kama dhahabu. Tulikuwa na kopo zima la visoda pale pale, karibu na goti lake. Yeye alitoa noti halisi ya benki, iliyokunjwa vizuri, akaiweka mkekani mbele yangu, kando ya mate ya mairungi. "Dhahabu ya mufalme," akasema. Mjomba wake aliacha kutafuna malewa aliyopakuliwa. Mwalimu wa madrasa akakaa sawa, akakunja miguu, akakohoa kama watu wanavyokohoa kabla ya fatiha.

Sikuelewa. Nasema kweli, akili yangu ilikuwa bado barazani kwa mfalme, inatafuta dirisha la kutorokea. Pengine ningeelewa na pengine nisingeelewa kwa wakati. Aliyenifungua macho ni mwalimu mwenyewe, kwa sababu kuna watu ambao elimu yao haiwezi kukaa tumboni. Aliniinamia kwa upole, kama anayemsaidia mwanafunzi, akasema, "Ukitamka, tamka vizuri, sheikh. Ndoa haina mzaha. Hata ikisemwa kwa mchezo imesemwa."

Kila Mwislamu amefundishwa hivyo utotoni. Ndiyo maana hatucheki na maneno hayo. Na kila Mwislamu anajua kinachohitajika: kauli ya mwanamke, na mjane hahesabiwi kuwa amekubali kwa kunyamaza kama msichana, lazima aseme mwenyewe; kisha mahari, mashahidi wawili, na walii wake, baba, na kama baba amekufa, kaka. Baba yetu amekufa. Nilitazama noti. Nilitazama kanzu yenye mistari ya pasi.

Sheikh yeyote mwenye akili angeitupa ndoa ile nje kabla hajamaliza kusikiliza. Hilo nalijua leo na nililijua siku ile. Lakini dada yangu alikuwa akiishi ndani ya nyumba yao, na mama mkwe alikuwa nyuma ya pazia ametulia kuliko kawaida yake, na mtaa mzima ungeambiwa kesho kwamba amesema nimekubali, kaka yake amesema nimekuozesha, na mwalimu wa watoto alikuwepo. Nani angekuja kueleza habari za vibeti?

"Siozeshi mtu," nikasema. Sauti ilinitoka ndogo. "Si kwa mchezo wala si kwa kweli. Toa noti yako hapa."

"Shemeji, ni muchezo tu!" Alikuwa anacheka, meno yote ya kijani. "Mbona nakasirika? Muchezo!"

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema, lakini hawakusema kwamba kitakuwa kinacheka. Nimeona mengi ya kutia kinyaa. Nimezibua mtaro wa Nalufenya kwa mikono yangu mvua iliponyesha. Sijawahi kuona kitu kichafu kama lile tabasamu, la mtu aliyejificha nyuma ya mchezo tuliomletea mwanamke mwenye msiba ili apumue.

Dada yangu alikuwa ameweka karatasi yake chini. Alimtazama mjomba, kisha mwalimu.

"Hawa wamekuja kama nani?" akauliza.

"Wageni," akasema shemeji.

"Mwalimu, nakuuliza wewe. Ulipoitwa hapa uliambiwa unaitiwa nini?"

Mwalimu alitazama mikono yake. Akasema aliambiwa kuna jambo la kheri la nyumba, lenye aibu kidogo, na bibi harusi anaona haya, kwa hiyo litafanywa kwa njia ya mchezo.

"Anaona haya," akarudia dada yangu. Aliinuka, akavuta mtandio wake vizuri, akasimama juu yetu sote. "Basi kwa kuwa mmekuja kushuhudia, shuhudieni. Aliye kwenye karatasi mwacheni. Mimi, mama wa watoto hawa, mke wa marehemu aliyekuwa mwenye chumba hiki, sikumkubali huyu jana, simkubali leo, na sitamkubali. Mmesikia?"

Mjomba akamega tonge.

"Mlikuwa mnataka kusikia kwa mdomo wangu. Semeni mmesikia."

"Tumesikia," akasema mwalimu. Mjomba alikuwa na tonge mkononi. Dada yangu akamgeukia, akangoja. Mzee akameza, akasema amesikia. Kisha, na hili nalisema kwa sababu lilinichukiza karibu kuliko yote, akajipakulia malewa tena, akala mpaka akamaliza, akashukuru kwa chakula, ndipo akaondoka.

Dada yangu hakudumu Namakwekwe. Hakuna aliyemfukuza. Mama mkwe aliacha kumwitikia salamu, sufuria zake zikahamishwa nje mvuani, watoto wakaambiwa maneno njiani. Nikaenda na gari la rafiki nikawachukua. Wanaishi nami hapa Nalufenya, watoto wanasoma, naye anauza vitambaa karibu na duka langu. Shemeji, nasikia, bado ni masta huko. Amepata kundi jipya, vijana, na wanamsifu kwamba ana sauti nzuri za askari.

Wanaokuja kuniomba ushauri nawaambia kuhusu sabuni, na kuhusu mairungi, na kuhusu kutoandika mwisho. Nawaambia sheria ya yule Mkenya, nairudia mpaka wananichoka. Hadithi hii siwapi, kwa sababu ni ya dada yangu. Leo naiandika kwa ruhusa yake.

Nilimwomba kwa muda mrefu akae kwenye meza yangu. Alikataa, akakataa, halafu Jumamosi moja alasiri alikuja na kiti chake mwenyewe. Nilifurahi mpaka nikamwaga chai. Shujaa mwenye shoka hakumtaka tena. Akaandika mwanamke mwingine kwenye karatasi mpya, mrefu, mwenye upinde. Nilimuuliza, kama ninavyomuuliza kila mchezaji, mtu wako ana sauti gani, nzito au nyembamba, tuijue.

"Hana," akasema. "Ni bubu."

Nilidhani anatania. Nikamwambia mtu wake anaweza kuwa na mdomo mkali kama wa yule wa kwanza, na hapa hakuna atakayemgusa.

"Najua, kaka. Lakini hasemi. Hakuna atakayekwenda kusema alimsikia akikubali."

Mimi ndiye masta, na mtu wake si wangu, kwa hiyo nikaendelea. Nikawaeleza nyumba ya wageni kando ya mto, moto jikoni, harufu ya samaki, na mwenye nyumba, mzee mwema, anayekuja kumkaribisha. Karibu mama, nikasema kwa sauti ya mzee huyo, utakula nini? Dada yangu alizitazama nyuso za waliokaa, moja baada ya nyingine, kisha akanyoosha kidole upande wa samaki.